Kinyaa Hurudi Kwanza

Bibi yangu Fransiska alinifundisha kazi moja tu maishani, nayo ni kumtazama mtu asiye na akili mpaka akili imrudie.

Kwetu Gitting, kwenye mteremko wa mlima Hanang, mtu wa mvua akifanya kazi yake akili yake huondoka na wingu. Hilo halina ubishi. Wingu likishikwa, lazima kuwe na kitu kinacholishika, na kitu hicho ni akili ya mtu. Mwili unabaki kwenye kibanda kando ya chemchemi. Unakaa tu, unatokwa na mate, unajikojolea. Maneno yanayotoka kinywani wakati huo si ya yule mtu, ni ya huko juu, na wazee huyatii hata kama hayana kichwa wala miguu. Tena yakikosa maana ndiyo yanaaminiwa zaidi. Wala mtu wa mvua hashtakiwi kwa jambo alilosema wakati hayupo.

Kwa hiyo lazima awepo mngoja akili. Ni mwanamke wa ukoo wetu ambaye hajaolewa, anakaa mlangoni kwa yule mtu na kumtazama. Siku akili ikirudi, anatamka mbele ya watu neno moja: "Amerudi." Kuanzia hapo yule mtu anajibu kwa kinywa chake mwenyewe kama mimi na wewe.

"Sasa bibi, nitajuaje kama imerudi?" nilimuuliza. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, nikakabidhiwa kwake.

"Usimuulize jina lake. Jina lake hata mbwa analijua. Angalia kinyaa, Konsolata. Kinyaa hurudi kwanza. Mtoto mchanga akishika mavi yake si anacheka? Siku akikunja pua, ujue ndani ya ile nyumba kuna mtu ameingia."

Ndiyo maana kuna kibuyu. Anachinjwa kondoo, yanatolewa majani ya tumboni mwake, yale mabichi yaliyotafunwa nusu, yanachanganywa na mkojo wa ng'ombe uliolala. Kila asubuhi mtu wa mvua anapewa. Aliye mbali anakunywa. Nilimwona mzee Tluway, mtu wa mvua wa zamani, akinywa mchanganyiko ule kama maziwa, mabaki yakimning'inia kwenye ndevu, nzi wakitembea juu ya jicho lake lililo wazi bila yeye kupepesa. Halafu asubuhi moja alichungulia ndani ya kibuyu, akatapika hadi magotini, akaanza kulia. "Nyie, mmekuwa mkininywesha nini?" Bibi alitoka nje akirukaruka kama msichana: "Amerudi! Amerudi!" Watu wakacheka, wakamkumbatia mzee na matapishi yake hivyo hivyo.

Tluway alikufa. Bibi naye akamfuata. Mtu wa mvua akawa Akonaay, mtoto wa Tluway, na mngoja akili nikawa mimi.

Mwaka ninaousema, mvua za kwanza zilichelewa, kwa hiyo mahindi yetu yalichelewa. Lakini huko chini tambarare, kwenye shamba la ngano la serikali, walikuwa wamepanda mbegu inayowahi. Ngano yao ikaiva wakati mahindi yetu ndiyo kwanza yanatoa ndevu. Wao walitaka jua, sisi tulitaka mvua. Meneja akapanda kwa Landrova mpaka kwa Akonaay, akashusha magunia ya unga wa ngano na mabuti mapya ya mpira.

"Mimi ni msomi, mzee, haya mambo siyaamini," alisema huku dereva wake akiendelea kushusha. "Lakini kama yanawezekana, basi zuia mvua mpaka kombaini zimalize kuvuna."

Yakawezekana. Akonaay aliingia kibandani, na kesho yake wingu likakaa kwenye shingo ya mlima kama ng'ombe aliyefungiwa nje ya zizi. Tuliliona. Harufu ya mvua ilitufikia mpaka jikoni. Lakini tone halikushuka. Huko chini vumbi la kombaini lilipanda tangu asubuhi hadi jioni, na huku juu majani ya mahindi yakajikunja kama karatasi iliyosogezwa motoni.

Nikakaa mlangoni, nikatazama. Akonaay alikaa ndani, mate yakimtoka upande wa kushoto. Kila asubuhi nilimletea kibuyu mbele ya watu waliokuja kuteka maji, akanywa chote. Hakukunja pua hata kidogo.

Ila nzi akitua karibu na jicho, alipepesa. Na yale mabuti alikuwa ameyapachika kwenye vijiti, midomo ikitazama chini, wadudu wasiingie. Nilijiambia, Konsolata, mtu huyu ni mgeni kwenye kazi, labda ameondoka nusu. Sikuwa na haraka.

Watu ndio walikuwa na haraka. Walikuja wakiongozwa na balozi Hermani, balozi wetu wa nyumba kumi, wakasimama mbele ya kibanda na kuuliza mvua inazuiwa na nini. Akonaay alitikisa kichwa muda mrefu, macho yakageuka meupe, akaanza kuimbaimba.

"Maziwa yamechacha kifuani. Kaburi dogo juu ya kaburi kubwa. Mvua inaona aibu kupita juu ya paa lile. Mtoeni. Mpelekeni nyuma ya ngano."

Hakuna aliyehitaji kuuliza. Kaburi kubwa lilikuwa la mume wa dada yangu Letisia, na kaburi dogo la mtoto wake mchanga aliyemfuata baba yake mwezi ule ule. Letisia alikuwa ametimiza desturi yote ya mtu aliyepigwa na vifo vya namna hiyo. Alijitenga nyumbani kwake, hakuchota maji chemchemini, hakugusa ng'ombe wa mtu, mpaka wazee wenyewe wakamwambia yameisha, toka. Lakini alitoka mwili tu. Tangu mazishi alikula chochote kilichowekwa mbele yake. Niliwahi kumkuta anatafuna ugali wa jana wenye sisimizi, sisimizi wanamtembelea mdomoni, na yeye anatafuna. Midomo yake ilikuwa na vidonda vya homa, hakuvipaka kitu. Kilichobaki cha kumwita duniani ni Basili, mwanawe, mtoto wa kamasi na vicheko.

Wazee wakakubaliana. Jumamosi watu wote wakutane chemchemini, mtu wa mvua aulizwe tena, na kama atarudia neno lile, Letisia ashuke na mtoto wake siku hiyo hiyo. Asichukue ng'ombe wala kuku. Apite mashamba ya ngano aende mbele, kwenye nchi kavu ambako hata wafugaji wenyeji walikuwa wanasukumwa na shamba lile. Mama mwenye mtoto wa kamasi, bila maziwa, bila mume. Kila mtu alijua hiyo maana yake nini, ila walisema "ashuke tu" kana kwamba anatumwa mnadani.

Alfajiri iliyofuata nilikwenda kibandani kabla ya wateka maji. Mlangoni hakuwepo mtu. Nikazunguka nyuma. Akonaay alikuwa ameinama, kidole kooni, anatapika majani ya jana kwa taratibu, kama mtu anayemwaga maji ya kuogea. Akasukutua kinywa. Akachuma majani ya mnanaa akatafuna.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba," akaitika.

Halafu akakumbuka kwamba ni mwendawazimu. Mate yakaanza kumtoka, yakafika kwenye kidevu, kisha akaona mimi sina mtu nyuma yangu. Akayafuta. Akacheka.

"Adabu itaniua mimi," akasema. "Kaa, mwanangu. Umeamka mapema."

"Wewe hujaondoka, baba."

"Wingu si unaliona limeshikwa?"

"Baba yako alikuwa anaondoka kweli."

"Baba yangu alikuwa mtu mzuri na mjinga. Alidhani lazima uende wote, na miguu na kichwa. Kumbe unatuma kidogo tu, kama unavyomtuma mtoto dukani. Lile wingu pale nimelishika kwa akili ya kidole kimoja. Hii iliyobaki naitumia kwa kazi nyingine."

"Kazi gani? Kumfukuza dada yangu?"

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alikaa juu ya jiwe, akasafisha chini ya kucha kwa mwiba.

"Wewe umesoma, tufikiri pamoja. Watu wanataka kujua nani amezuia mvua. Nikisema ni mimi, wananiua, na mvua mtaiomba kwa nani tena? Nikisema ni shamba, vijana wanashuka na mikuki, kesho polisi wanapanda na bunduki, tunazika. Nikimtaja mwanamke mwenye kaka, kaka wanakuja. Nyinyi mmezaliwa wawili tu, wasichana. Mume wake yuko chini ya udongo. Kwa hiyo analia mtu mmoja, kijiji kizima kinapona. Kombaini zikimaliza naachia, wanasema, mnaona, ameondoka na mvua imekuja. Wanafurahi. Mahindi yatakayobaki na wewe utakula. Haya, nionyeshe nilipokosea."

Nilitafuta. Naapa nilitafuta, kama tulivyokuwa tunatafuta kosa kwenye hesabu ubaoni. Sikuliona. Kila kitu kilikuwa mahali pake, safi, kimefagiliwa. Pumzi yake ilinuka mnanaa juu ya matapishi. Nilikuwa nimebeba kibuyu cha majani ya kondoo mkononi asubuhi ile, lakini kilichonichefua hakikuwa ndani ya kibuyu.

"Nitawaambia," nikasema.

"Waambie. Watasema unamtetea dada yako. Mimi kila siku nakunywa mbele ya macho yao. Wewe unaweza?" Akanyoosha mkono. "Lete, wanakuja."

Nikasikia ndoo zinagongana njiani. Nikampa. Alipofika mlangoni macho yake yalikuwa meupe tayari, na akanywa mbele ya wale wanawake mpaka tone la mwisho.

Siku zilizobaki nilifanya kazi yangu, yaani nilitazama. Koo la mtu linaweza kufundishwa, nikawaza. Mtu akimeza taka moja kila siku, koo linazoea. Lakini kinyaa hakifi, kinahamia mahali pengine. Kwa hiyo sikutazama tena kinywa chake. Nilitazama mikono.

Ijumaa Basili alinifuata chemchemini. Alikuwa anachezea tope. Akaona yale mabuti yanang'aa, akayashika kwa mkono wake wenye kamasi, akacheka. Nikamwondoa. Niliporudi na maji, nilikuta alama ya kamasi haipo, na mbele ya mabuti kulikuwa na konzi la majani yaliyosuguliwa. Majani ya tumboni mwa kondoo Akonaay aliyaweza. Mtoto wa mjane hakumweza.

Jumamosi watu walijaa hadi kwenye migomba ya jirani. Letisia alikuja amemshika Basili mkono, amevaa kanga ile ile ya tangu mazishi. Hakuuliza kitu. Perpetua, jirani yake, ambaye alikuwa anaazima chumvi kwake kila wiki, alikuwa mbele kabisa.

"Mtazameni!" alipiga kelele. "Hata aibu hana. Letisia, paa lako lina nini? Tulime nini sisi, tulime vumbi?"

"Apelekwe tu," mwingine akasema nyuma. "Kwani huko chini hakuna watu?"

"Wapo. Wanakula panya."

Wakacheka. Watu niliosali nao.

Akonaay alitolewa nje, akaketi juu ya ngozi, mate yanatoka. Balozi Hermani akanyoosha mkono nimpe Akonaay kibuyu kwanza, kama kawaida. Sikumpa.

"Leo aliyetajwa anakunywa kwanza," nikasema. "Kisha mtu wa mvua anamalizia. Kibuyu kimoja."

"Desturi hiyo ipo?" balozi akauliza.

"Shikamoo, balozi. Kazi hii nilifundishwa na bibi Fransiska. Na wewe alikufundisha?"

Wakamcheka kidogo. Akarudi nyuma.

Nilimpelekea dada yangu. Niliogopa atakataa, na niliogopa zaidi kwamba hatakataa. Letisia alikipokea kwa mikono miwili. Akanywa. Akameza kama maji ya mtungini, macho yametulia mbali, vidonda vyake vimegusa ukingo wote wa upande ule, majani yamebaki kwenye midomo. Hakukunja pua. Nzi alitua kwenye kope lake, akatembea. Mzee mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ndogo, "Mungu wangu, kama Tluway." Kwa hiyo walijua. Wote waliona ni nani pale asiyekuwepo, na bado wakangoja apelekwe.

Nikachukua kibuyu kwa dada yangu nikampa Akonaay, upande ule ule ukimwelekea, umelowa.

Alikipokea na kutikisa kichwa. Macho meupe. Akaimbaimba. Kidole gumba chake kikatembea polepole juu ya ukingo, kikagusa pale penye unyevu, kikasimama. Na mikono yake, kwa upole kabisa, ikakigeuza kibuyu mpaka upande mkavu ukafika kinywani.

Akanywa chote.

Nilingoja ameze. Nikasema kwa sauti yangu yote:

"Amerudi."

"Amerudi vipi?" Balozi Hermani alikasirika. "Si amemaliza yote? Wewe binti una wazimu?"

"Muulizeni amenywea upande gani."

Watu walitazamana. Nilidhani itabidi nibishane, lakini Perpetua ndiye aliyesema, kwa sauti ya mtu aliyekanyaga kitu.

"Aligeuza. Nimeona. Aligeuza kibuyu."

"Hata mimi nimeona," mwingine akasema. Kisha mwingine. Walikuwa wameona vizuri sana, kwa sababu macho ya kila mmoja yalikuwa kwenye ukingo ule, yakingoja kuona kama atathubutu.

"Kinyaa hurudi kwanza," nikasema. "Aliye mbali hajui upande."

Mzee yule wa nyuma akasogea. "Akonaay. Maneno ya Letisia ulisema wewe au ni ya juu?"

Akonaay akafuta mate kwa mkono. Uso wake ukarudi mahali pake kama mtu anayevaa kofia, na hapo wanawake kadhaa walitema chini. Kuuona ule uso ukijivaa kulikuwa kubaya kuliko mate.

"Nimesema mimi," akajibu. "Sasa tukae, wazee, tufikiri pamoja kama watu wenye akili. Mkiniua, wingu nani ataliachia? Mimi naachia leo. Nyinyi mnaniacha nishuke. Hakuna anayepoteza."

Na wakakubali. Ndiyo, wakakubali, maana ilikuwa na akili. Alivaa mabuti yake akashuka kuelekea kwenye ngano, na hakuna aliyemtupia hata bonge la udongo. Alasiri mvua ikaja. Ikatembea juu ya mapaa yote, la Letisia likiwemo, haikuona aibu. Huko chini ngano iliyobaki ililala, kombaini zikazama. Sehemu kubwa ya mahindi yetu ilipona.

Jumapili baada ya ibada walikuja kwa dada yangu, walewale, wameloa, wanatabasamu. Balozi alileta kuku. Perpetua alimkumbatia kwa mbali kidogo.

"Dada, sisi tulijua tangu mwanzo," alisema. "Si tulijua?"

"Tulijua bwana," wenzake wakaitika. "Yule mzee macho yake siku zote yalikuwa mabaya."

Letisia akawapa maziwa, kwenye kibuyu kizuri cha wageni. Akaonja kwanza yeye, kama mwenyeji anavyoonja, akampa Perpetua. Perpetua akashukuru, akaongea, akacheka, na huku anaongea kidole gumba chake kikapita juu ya ukingo. Akageuza. Akanywa. Akampa balozi. Balozi naye akakigeuza zaidi kidogo. Aliyefuata akatafuta pembe iliyobaki. Kila mmoja kwa upole, bila kuangalia, akisifu maziwa.

Dada yangu alikuwa anawatazama. Nami nilikuwa namtazama yeye, kwa mazoea.

Walipoondoka alikaa na kibuyu mapajani.

"Konsolata. Hawa nao utawatamkia lini?"

"Hawa hawakuwahi kuondoka, dada."

Akainama, akachungulia ndani. Yalibaki maziwa kidogo chini, na pande zote za ukingo zilikuwa na alama za midomo yao. Nikaona pua yake inakunjamana. Kwanza kidogo, kisha uso mzima. Akatoka nje mvuani, akamwaga yale maziwa mbali, akarudi akachota majivu ya moto jikoni, akaanza kukisugua kile kibuyu ndani na nje, ametoa meno, anasugua, anasugua, mpaka Basili akaja kuuliza mama anafanya nini.

Sikutamka. Hapakuwa na watu wa kusikia, na neno lile nililitaka libaki kinywani mwangu kidogo.